Barua Juu, Watu Chini: Siku Nane Nikizifuata Ndege za Kale za Ulaya

Siku ya 1, Jumamosi. Southampton

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikulia Lindi, na alikuwa na hadithi moja asiyochoka kuisimulia: ndege iliyokuwa ikitua baharini. Si ufukweni wala uwanjani, majini kabisa, pale kwenye ghuba, ikichimba mfereji mweupe wa povu. Mashua inaikaribia, yanashushwa magunia, kisha wanashuka Wazungu wachache wamekunja nyuso kwa jua. Kila akimaliza aliuliza swali lile lile: "Ndege kubwa vile, humo ndani walikaa wangapi?" Sisi wajukuu tulibahatisha. Mia. Mia mbili. Mmoja wetu aliwahi kusema elfu, akapewa andazi la ziada kwa ujasiri.

Nimeishi Uingereza miaka kumi na tisa bila kulijibu swali hilo. Mwezi huu nimepata likizo ya siku nane, nikanunua tiketi za treni, nikaja kuanzia hapa, kwa sababu ndege ya bibi ilikuwa inatokea hapa.

Ilikuwa Short S.23, iliyoundwa Rochester kando ya mto Medway na kurushwa kwa mara ya kwanza Julai 1936. Mwenye nayo alikuwa shirika la Imperial Airways. Kuanzia 1937 ndege hizo ziliondoka kwenye maji ya Southampton, zikavuka Ufaransa, Italia na Ugiriki hadi Misri, zikaufuata mto Nile: Wadi Halfa, Khartoum, Malakal. Kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert, Port Bell, Kisumu. Kutoka Kisumu zikashuka pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, halafu Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na Durban. Nikiisoma orodha hiyo huwa nasimama kidogo nikifika Lindi. Mji wangu uko kwenye ratiba moja na Roma na Athens.

Familia nzima ya ndege hizo ilikuwa na ndege 42. Hakuna hata moja iliyobaki duniani. Zilizopona vita zilivunjwavunjwa zikauzwa kama chuma chakavu.

Jumba la makumbusho la Solent Sky lina ndugu yake wa karibu, Short Sandringham, ndege ya vita iliyogeuzwa ya abiria. Unaruhusiwa kupanda ndani. Kwanza nilidhani nimeingia kwenye meli: ngazi, ghorofa mbili, harufu ya rangi ya zamani. Mzee mmoja anayejitolea hapo aliniona nimeshikilia ukuta kama mtu anayesali, akaja kuuliza natoka wapi. Nilipomtajia Lindi alicheka, akasema jina hilo huliona kwenye ratiba tu, hajawahi kukutana na mtu wa huko.

Ndiye aliyenieleza mpangilio wa ile S.23. Marubani walikaa ghorofa ya juu, na nyuma yao ilikuwa stoo ya barua. Abiria waliwekwa chini: chumba cha wavuta sigara mbele, jiko katikati, na chumba chenye nafasi ya kusimama dirishani kutazama viboko wa mto Nile. Viti havikuzidi 24. Uzito wa barua uliopangwa kubebwa ulikuwa kama tani moja na nusu.

"Barua juu, watu chini," nikamwambia. Hakuelewa kwa nini nimefurahi.

Kwa hiyo jibu ni ishirini na nne, bibi. Na hiyo ni ikijaa.

Siku ya 2, Jumapili. Croydon

Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo kituo cha wageni cha uwanja wa zamani wa ndege wa Croydon, kusini mwa London, hufunguliwa. Safari nzima niliipanga kwa kuzingatia siku hii moja, halafu nikalala nikapitiliza kituo cha kushuka.

Ukifika unaona kwanza ndege ndogo ya De Havilland Heron imesimamishwa juu ya nguzo mbele ya jengo, kama kuku aliyepanda dari. Aina hiyo ndiyo iliyobeba abiria wa mwisho kutoka hapa tarehe 30 Septemba 1959, siku uwanja ulipofungwa. Nyuma yake kuna jengo jeupe la mwaka 1928 lenye mnara. Leo ni ofisi za watu, lakini ukumbi wa abiria upo, na ngazi za mnarani zipo.

Kabla ya Croydon palikuwa Hounslow Heath. Kutoka huko, tarehe 25 Agosti 1919, ilianza safari ya kila siku ya London hadi Paris. Ndege ya kwanza ilikuwa na abiria mmoja, naye alikuwa mwandishi wa habari. Waliosalia ndani humo ni magazeti, ngozi, ndege wa porini wa kuliwa na malai ya Devonshire. Miezi tisa baadaye Waholanzi wa KLM nao wakaanza, Croydon hadi Amsterdam, kwa ndege ya kukodi: waandishi wawili na bunda la magazeti. Naona huo ndio ukweli wa miaka ile. Ndege ilikuwa gari la posta, na mtu alipenyezwa pale palipobaki nafasi. Alipimwa kwenye mizani yeye na begi lake, kama mzigo mwingine wowote.

Hata hivyo barua nazo hazikutosha. Mashirika madogo yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, na Wafaransa walikuwa wanapewa ruzuku nono na serikali yao. Mwaka 1924 serikali ya Uingereza ikayakusanya mashirika manne yaliyokuwa yanahema, ikayafanya moja: Imperial Airways. Likaahidiwa pauni milioni 1 kwa miaka 10. Jina lenyewe linakwambia lilianzishwa kwa ajili ya nini. Halikuwa la kumpeleka mtu wa Croydon kwa shangazi yake Paris. Lilikuwa la kuzishika koloni kwa kamba ya angani, na ile ghuba yetu ilikuwa fundo moja la kamba hiyo.

Fahari ya uwanja huu ilikuwa Handley Page H.P.42. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, upana wake karibu mita 40, injini nne, vyumba vimepambwa kama behewa la kifahari la treni, na mhudumu anakuletea chakula cha mlo mzima mezani. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 160 kwa saa, na upepo wa mbele ukizidi, treni zilizokuwa chini zilikuwa na matumaini. Zilitengenezwa nane tu. Kwa miaka yote ya amani hazikuua abiria hata mmoja, jambo ambalo kwa zama zile lilikuwa karibu na muujiza. Nne kati yake zilipangiwa njia za India na Afrika. Hannibal, ile ya kwanza kabisa, ilipotelea Ghuba ya Oman tarehe 1 Machi 1940 ikiwa na watu 8. Nyingine nazo zilikwisha, moja kwa moto huko Karachi 1937, zilizosalia miaka ya vita. Kwa mara ya pili ndani ya siku mbili naambiwa: hakuna iliyobaki.

Mnarani kuna habari za redio, na hapo nilikaa sana. Rubani aliyepotea mawinguni alikuwa anaita Croydon. Croydon wanapima sauti yake inatokea upande gani, kituo cha Lympne nacho kinapima, Pulham pia, kisha wanachora mistari mitatu juu ya ramani. Mistari inapokutana, ndipo ulipo. Wanamrudishia jibu. Ni humu humu Croydon, miaka ya mwanzo ya 1920, ofisa wa redio Frederick Mockford alipoombwa atafute neno la kuomba msaada ambalo Mwingereza na Mfaransa wote watalielewa. Kwa kuwa ndege nyingi zilikuwa zinakwenda na kutoka Paris, akachukua la Kifaransa la "nisaidieni", akaliandika kama linavyosikika: mayday. Leo rubani yeyote wa Dar au Bujumbura akipata msiba angani analitamka mara tatu.

Siku ya 3, Jumatatu. Paris

Treni ya chini ya bahari, saa mbili na kitu. Makumbusho ya Le Bourget yamefungwa Jumatatu, na nilijua. Nimefua soksi, nimekula wali wa Wasenegali karibu na Gare du Nord, nimelala.

Siku ya 4, Jumanne. Le Bourget

Hapa ndipo ndege za Croydon zilipokuwa zikitua, na ndipo Lindbergh, Mmarekani aliyevuka Atlantiki peke yake, alipotua Mei 1927 umati ukaivamia ndege yake. Jengo kubwa la abiria lilichorwa na Georges Labro, likafunguliwa 1937. Ndani kuna ukumbi wa nguzo nane ambao ukikohoa unajisikia mara mbili.

Nilichokuja kukitafuta ni kipande tu: mwili wa Farman Goliath. Ndege hii ilibuniwa 1918 iwe ya kudondosha mabomu. Vita vikaisha kabla haijafika kazini, basi ndugu wa Farman wakaondoa mabomu, wakaweka viti. Mageuzi yote ni hayo. Tarehe 8 Februari 1919 ilipeleka abiria kutoka Paris hadi karibu na London, wote wanajeshi, kwa sababu raia walikuwa bado wamekatazwa kuruka. Machi ikaanza kwenda Brussels.

Goliath ilichukua watu kama 12. Wengine walikaa puani kabisa, mbele ya rubani, wamezungukwa na vioo. Rubani alikuwa nyuma yao, kichwa nje, mvua na mafuta ya injini vinampiga usoni. Hebu fikiria umepanda basi la Masasi, umekaa mbele ya dereva, na dereva yuko juu ya keria. Abiria walikaa kwenye viti vya henzirani, maana ni vyepesi, na walitia pamba masikioni. Nilisimama pale nikijaribu kuona kwa nini mtu mwenye fedha zake akubali hayo. Nadhani jibu ni Mlango wa Bahari wa Uingereza. Aliyewahi kutapika kwenye meli kwa saa kadhaa anaweza kukubali kupigwa baridi kwa saa mbili na nusu.

Goliath nyingine ndiyo iliyonikosesha raha. Tarehe 7 Aprili 1922, mchana wa ukungu na manyunyu huko Picardie, kaskazini mwa Paris, Goliath ilikuwa inaelekea London. Ndani kuna rubani, fundi na abiria watatu. Kutoka Croydon ilikuwa inakuja ndege ya Kiingereza, De Havilland D.H.18, haina abiria. Imebeba barua, rubani na kijana mhudumu. Miaka ile rubani aliifuata barabara ya chini kama dereva wa lori. Wote wawili waliifuata barabara moja, chini ya mawingu yale yale, mmoja akienda, mwenzake akija. Walikutana. Watu saba wote walikufa. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa ndege mbili za mashirika ya abiria kugongana angani.

Baada ya hapo ndipo walipokaa chini kukubaliana kila ndege ishike upande wake wa kulia wa njia. Miaka mitatu walikuwa wanarushana kila siku kati ya miji mikubwa miwili bila kanuni ambayo mwendesha mkokoteni wa Kariakoo anaijua.

Siku ya 5, Jumatano. Lelystad

Asubuhi treni hadi Amsterdam, ikafuata nyingine hadi Lelystad, mji uliojengwa juu ya ardhi iliyokuwa chini ya maji. Makumbusho ya Aviodrome yako kando ya uwanja wa ndege, upepo hauna adabu. Wamejenga upya jengo la abiria la Schiphol kama lilivyokuwa 1928, dogo kama stesheni ya wilaya.

KLM ilianzishwa tarehe 7 Oktoba 1919, na hakuna shirika la ndege duniani lililotumia jina lake la kwanza muda mrefu kama wao. Tarehe 1 Oktoba 1924 walituma Fokker F.VII, injini moja, kwenda Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo. Siku ya tatu hivi rejeta ikavuja juu ya Bulgaria, wakatua kwa nguvu karibu na Plovdiv, ndege ikaumia. Gazeti moja la nyumbani likawachangisha wasomaji wake, injini nyingine ikanunuliwa, ikapelekwa kwa treni. Wakafika Batavia tarehe 24 Novemba. Kuchangiana injini! Nilijihisi nyumbani.

Wana pia ndege ya aina ya Douglas DC-2 iliyopakwa rangi za Uiver, jina la kale la Kiholanzi la korongo. Uiver yenyewe ilishiriki mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Oktoba 1934, ikiwa na abiria watatu na shehena ya barua katikati ya ndege za mbio. Usiku wa mwisho tufani iliipoteza. Watu wa mji mdogo wa Albury, Australia, wakazima na kuwasha taa za mji mzima kuiandikia jina la mji kwa alama za Morse, kisha wakapanga magari yao kwenye uwanja wa mbio za farasi, taa zikiwaka. Ikatua. Asubuhi walikuta magurudumu yamezama matopeni, wakaivuta kwa kamba, na bado ikamaliza ya pili.

Mimi si mtu wa Waamerika sana katika mambo ya ndege, lakini ukiiona DC-2 baada ya kuangalia Goliath na picha za H.P.42 unaelewa kuwa mchezo uliishia hapo. Ni ya chuma, inang'aa, magurudumu yanakunjwa. Zile nyingine ni mahema yaliyotiwa injini.

Siku ya 6, Alhamisi. Njiani

Treni ya kwenda Berlin ilisimama katikati ya mashamba ya Ujerumani saa mbili nzima. Mhudumu alipita akiomba radhi, akatugawia maji. Nikafungua daftari nikasoma habari za Corsair, mojawapo ya zile ndege 42, ili nijikumbushe kuwa kuna waliochelewa zaidi yangu.

Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Port Bell kuelekea Juba. Kifaa cha kutafuta njia kikawapoteza, mafuta yakakaribia kuisha, rubani akaishusha kwenye mto Dangu karibu na Faradje, Congo ya Wabelgiji. Watu wote walipona, ila tumbo la ndege lilipasuliwa na mwamba. Ikatengenezwa, ikajaribu kuruka Julai, ikagonga tena. Wakaanza upya. Safari hii waliuziba mto kwa boma ili maji yajae, na kazi ya kulijenga ilifanywa na vibarua wa Kikongo. Tarehe 6 Januari 1940 ikaruka. Miezi kumi! Pale walipokuwa wamepiga kambi pakaitwa Corsairville.

Siku ya 7, Ijumaa. Dessau

Mtu wa Lindi akiingia makumbusho ya Hugo Junkers atasema neno moja: mabati. Ndege imevikwa mabati yenye migongo, kama paa la shule. Migongo ile ndiyo inayoipa karatasi ya aloi ya aluminiamu ugumu bila kuongeza uzito. Sababu ni ile ile inayofanya bati la nyumbani lisikunjike ukilibeba kichwani.

Junkers, mhandisi wa Kijerumani aliyeziunda, alianza na mitambo ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga. Tarehe 25 Juni 1919, wiki ile ile ya mwisho ya mazungumzo ya amani ya Versailles, ikaruka F 13 yake: bawa moja tu, chuma kitupu, abiria wanne ndani ya chumba kilichofungwa chenye joto, na mikanda ya viti. Wenzake walikuwa bado wanashona vitambaa juu ya mbao. Zilitengenezwa zaidi ya 300. Rubani pekee ndiye aliyeachwa kwenye upepo. Sijui kwa nini kila mtu enzi zile alimwonea rubani.

Ndege kubwa iliyomo humu ni Ju 52, injini tatu. Hii ilikuwa miongoni mwa zilizotua juu ya barafu ya ziwa moja la Norway Aprili 1940, barafu ikayeyuka, zikazama. Miaka zaidi ya 40 baadaye ikaopolewa, ikaletwa Dessau kuungwa upya. Junkers mwenyewe hakuiona ikienda vitani. Wanazi walipoingia 1933 walimlazimisha kuachia hakimiliki za ubunifu wake na viwanda vyake, wakamfukuza mjini. Alikufa tarehe 3 Februari 1935, siku aliyotimiza miaka 76.

Kwa siku sita nilikuwa natafuta ndege iliyobaki, na hii ya ziwani imebaki kwa sababu ilizama. Zile za bibi zilitua majini kila siku na hazikuacha hata ubawa.

Siku ya 8, Jumamosi. Berlin

Tempelhof. Uwanja ulifunguliwa Oktoba 1923, na 1926 Luft Hansa, shirika la ndege la Ujerumani, ikaundwa kwa kuunganisha mashirika mawili, moja likiwa la Junkers. Jengo lililopo ni la Ernst Sagebiel, lilianza kujengwa 1936, limejipinda zaidi ya kilomita moja, na ni zito kama kauli ya watu walioliagiza. Ndege ya mwisho iliondoka Oktoba 2008. Tangu 2010 njia za kurukia ni bustani ya umma. Watu wanaendesha baiskeli pale ndege zilipopata kasi, watoto wanarusha vishada, familia ya Kituruki inachoma nyama.

Nikakaa kwenye nyasi nikampigia mama mkubwa, Lindi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Upepo gani huo? Uko baharini?"

"Niko uwanja wa ndege usio na ndege. Nimepata jibu la swali la bibi. Ile ndege ilikuwa inachukua watu ishirini na nne. Na mara nyingi haikujaa, kwa sababu ya barua."

Kimya kidogo. Kwa mbali nasikia sufuria.

"Ishirini na nne?"

"Ndiyo."

"Hawajai hata daladala la Mitwero."

"Hawajai."

"Na mama alivyokuwa akitusimulia, mji mzima unashuka ufukweni!" Akacheka hadi akakohoa. "Sasa hao ishirini na nne walikuwa wanapewa chakula?"

Nikamweleza lile jiko katikati ya ndege. Akataka kujua linawashwa kwa nini, kuni au mafuta ya taa, na moshi wake unatokea wapi. Sikuwa na jibu. Akaniambia nirudi kwa yule mzee wa Southampton nikamuulize, yeye ana wali jikoni, akakata simu.